Leo Utanisimulia Nini?

"Kamwite baba yako," Mama aliniambia. "Mwambie dawa za presha hazijimezi zenyewe."

Ilikuwa magharibi. Ule wakati ambao ukiwasha taa unaonekana unafuja umeme, na usipowasha unajichoma sindano. Nilikuwa kwenye cherehani yangu, katika chumba cha uani kwa wazazi wangu, nikipinda sketi za shule. Nikazima mashine, nikajipangusa nyuzi, nikavaa ndala. Kumwita Baba ilikuwa kazi yangu ya kila jioni, kama watu wengine wanavyofungia kuku.

Kabla sijaenda mbali, ni lazima mumjue Baba.

Alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapa magazeti. Maisha yake yote aliingia kazini watu wakienda kulala, akatoka watu wakiamka. Alisema mtambo wake ulikuwa na mwendo wake mwenyewe, ta-ka-ta, ta-ka-ta, na siku mwendo ukiyumba yeye alijua kabla hata taa nyekundu haijawaka. Mwendo ule ulimwingia mwilini. Hata mezani, akisubiri chakula, vidole vyake viliupiga juu ya mbao. Ta-ka-ta. Mama alimgonga mkono kwa mwiko. "Hapa si kiwandani, mume wangu."

Walipomstaafisha walimpa keki na saa ya ukutani. Saa, kwa mtu ambaye hana tena pa kuwahi.

Mwanzoni alilala kama mtoto. Baada ya hapo usingizi ukamkataa. Wakati wa zamu ulipofika alivaa ovaroli, akafunga vifungo vyote, akaenda kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa mbele akiitazama barabara.

"Unamsubiri nani, Baba?" nilimuuliza siku moja.

"Simsubiri mtu," akasema. "Ni kimya hiki tu, mwanangu. Kinanipigia kelele."

Akaanza na kaglasi kamoja ka kuvutia usingizi. Kaglasi kakapata wenzake. Mama alikuta chupa ndani ya buti la kazi. Akakuta nyingine ndani ya tangi la choo, imelala majini imetulia. Asubuhi mikono ya Baba ilitetemeka hadi chai ikawa inamwagikia kwenye kisosi, mikono ileile iliyokuwa ikikaza skrubu ndogo kama punje. Alikonda. Alitoka jasho kwenye baridi. Akaanguka bafuni, akasema sabuni ndiyo yenye makosa. Tulimsema, tukamlilia, Mama akamwaga kila alichokiona. Wapi! Kesho yake kulikuwa na nyingine.

"Alistaafu kazi," Mama alikuwa akisema, "ila hajastaafu kuniudhi." Alisema akicheka, lakini macho yake hayakucheka.

Kisha Baba akapata rafiki.

Aliyempeleka kwa rafiki huyo ni jirani yetu, mstaafu mwenzake, mzee ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu Mkuu kwa sababu ndicho alichokuwa. Mwisho wa barabara yetu, pale lami inapokatika, kulikuwa na nyumba yenye geti la kijani. Huko, Baba alisema, kuna mwenyeji muungwana, anawakaribisha wazee, anawamiminia, hataki hata senti.

"Sasa yeye anapata nini?" Mama aliuliza.

"Maongezi," Baba akajibu. "Anapenda maongezi tu."

Tena cha ajabu, tangu aanze kwenda huko hakuyumba tena. Alirudi wima, ametulia, analala hadi jua linatoka. Mama alimshukuru Mungu. Mimi pia, nisiseme uongo.

Jioni ile ndiyo mara ya kwanza nilipoingia ndani. Siku zote nilimwitia getini naye akatoka. Siku hiyo niliita, nikaita... hakuna aliyejibu. Nikasukuma geti.

Uani hapakuwa na kitu. Hata jani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu, na kutoka ndani ikanijia harufu. Si ya pombe. Ilikuwa harufu ya maji ya maua yaliyosahauliwa kwenye chupa mpaka yakaota utelezi. Nikaziba pua na kitambaa, nikachungulia.

Chumba kimoja kikubwa. Meza. Viti vya mbao vya kuegemea. Taa haikuwashwa, mwanga ulikuwa ule wa dirishani, wa kijivu, unaokaribia kwisha. Baba alikaa akinipa mgongo. Mkabala naye alikaa mwanamume mmoja, shati limefungwa hadi kooni, mikono imelala mezani. Sikuweza kumkadiria umri. Ukimtazama unaona mzee. Ukipepesa macho unaona si mzee, ni mtu ambaye hajatumika.

Akainamisha chupa isiyo na karatasi, akamimina. Glasi ilikuwa moja tu. Ya Baba.

"Haya, rafiki yangu," alisema kwa sauti laini. "Leo utanisimulia nini?"

Baba akanywa. Akafuta mdomo. Akaanza kusimulia siku karatasi ilipokatika mtambo ukiwa mbio, wakakimbia na mkanda wa karatasi ukiwafukuza chumba kizima kama nyoka. Naijua hadithi ile. Tumekua nayo. Baba alicheka, yule mtu hakucheka. Alikuwa ameinama mbele, mdomo wazi kidogo, kama mtu anayenusa chungu kikifunuliwa.

Hodi yangu ilikuwa ndogo mno, hata mimi sikuisikia vizuri.

Yule mtu akainua macho. Akanitazama. Akatabasamu.

"Binti yako huyo," akamwambia Baba. "Ameleta dawa."

Sikuwa nimeshika dawa yoyote. Na wala nilikuwa sijasema neno.

Tulirudi nyumbani Baba akiwa mchangamfu. Njiani nikamwambia, "Baba, ile ya karatasi kuwafukuza, huwa unaimaliza vipi? Yule mwenzenu aliyejificha kwenye pipa la wino?"

Baba akatembea kidogo. Akakunja uso.

"Karatasi ipi?"

Nikacheka. Nikadhani ananitania, maana ni mtu wa utani.

Hakuwa ananitania.

Kuanzia hapo nikawa namwangalia kwa jicho la pembeni. Kila jioni alikwenda, kila jioni alirudi ametulia zaidi. Ametulia mno. Jumapili moja mezani niligundua kitu, mkono wangu ukabaki hewani na kijiko. Vidole vyake. Vilikuwa vimelala juu ya mbao kama vitu vya mtu mwingine. Hakuna ta-ka-ta. Mama naye alikuwa ameona. Alikuwa amekishika kile kimwiko chake na hana wa kumgonga.

"Piga basi," Mama akamwambia taratibu. "Leo sitakugonga. Piga tu."

"Nipige nini, mke wangu?" Baba akauliza.

Siku chache baadaye nilikuwa uani kwangu, jua limeshazama, napiga pasi kola. Nikasikia kikohozi nje ya dirisha. Kikohozi cha Baba, kile cha kusafisha koo kabla ya kusema jambo. Halafu sauti yake.

"Toleo Maalumu... nifungulie."

Hilo ndilo jina langu la nyumbani. Ni Baba peke yake aliyeniita hivyo. Siku niliyozaliwa walikuwa wanachapa toleo maalumu, akaletewa habari akiwa amejaa wino hadi viwikoni. Alikimbia hospitali vilevile, akanibeba vilevile, akaniachia alama ya kidole gumba kwenye kishuka. Nesi alimfokea hadi akatamani ardhi ipasuke. Kila mwaka alinisimulia, na kila mwaka nesi alizidi kuwa mkali.

Nikaweka pasi wima, nikafungua.

Aliyesimama mlangoni hakuwa Baba.

Alikuwa yule mwenyeji. Shati hadi kooni. Harufu ya maji ya maua ikaingia chumbani kabla yake. Baba alikuwa nyuma yake, hatua chache, mikono imening'inia, kama mtoto aliyeambiwa subiri hapo.

"Baba yako leo amechoka," akasema, na sauti sasa ilikuwa yake, laini. "Nimeona nimlete." Akanitazama tokea kichwani hadi miguuni, kwa mapenzi. Mapenzi kabisa. Hilo ndilo lililonitia baridi. "Umekua, wewe. Ulikuwa mdogo unaenea kwenye kiganja. Yule nesi, masikini, alinifokea mimi! Kisa kishuka."

Nikarudi nyuma hatua moja.

Kidole chake kikawa kinagonga fremu ya mlango. Ta-ka-ta. Ta-ka-ta. Ta-ka-ta.

Akageuka, akaondoka. Hakuaga. Pasi ilikuwa imeanguka, imeunguza kola ya watu, na mimi sikusikia hata ilivyoanguka.

Nikamkalisha Baba kitandani kwangu. Nikapiga magoti mbele yake.

"Baba. Nisimulie nilivyozaliwa."

Akanitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyekuuliza njia usiyoijua.

"Samahani, dada," akasema. "Wewe ulizaliwa lini?"

Asubuhi yake nilikwenda kwa mke wa Mwalimu Mkuu. Nilimkuta barazani anamlisha mumewe uji kwa kijiko. Mwalimu Mkuu, mtu aliyekuwa akikosoa matangazo ya ukutani kwa kalamu nyekundu, alikuwa anakitazama kijiko kama kitu kipya duniani. Nikamsabahi. Akatabasamu tupu.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia mkewe.

"Marahaba, mwanangu. Kaa. Nimekuwa nikikungoja." Akamfuta mumewe kidevu. "Baba yako amefika wapi?"

Sikuhitaji kuuliza anamaanisha nini. "Jana aliniita dada."

Akatikisa kichwa. Aliongea kwa kunong'ona, ingawa tulikuwa peke yetu na mchana ulikuwa mweupe.

"Mimi mwanzoni nilifurahi, bwana. Huyu alistaafu na mizigo. Kuna mwanafunzi wake aliwahi kufa maji katika safari ya shule, na yeye ndiye aliyeruhusu safari. Alikunywa kwa ajili hiyo, miaka. Akinywa analia, akilevuka analia. Alipoanza kwenda kwa yule... akaacha kulia. Nikasema Mungu ni mwema. Kumbe kumbukumbu hiyo alikuwa amempa yule. Kwanza wanatoa vile vinavyowauma. Wanajisikia wepesi. Halafu vinavyouma vikiisha, yule anauliza tu: leo utanisimulia nini? Na wao wanataka glasi, mwanangu. Glasi wanaitaka! Basi wanaanza kutoa vizuri."

"Anawalazimisha?"

"Angewalazimisha ningekwenda polisi. Anauliza tu."

"Na sasa mbona Mwalimu haendi?"

Akarudisha kijiko bakulini.

"Hakaribishwi tena," akasema. "Hana kitu. Juzi jioni nilisikia mtu anapita hapo nje anaimba wimbo alionitongozea huyu. Kwa sauti ya huyu. Nilimtazama mume wangu, naye alikuwa amekaa hapahapa, mdomo umefungwa."

Nikainuka. Alinishika mkono, kwa nguvu nisiyoitarajia kwa mtu mzima kama yeye.

"Ukienda, usinywe. Na ukinywa... usifungue mdomo."

Nikamweleza Mama kila kitu. Nilidhani atasema nimechanganyikiwa. Alikaa kwenye kigoda, akakunja kitambaa cha mezani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Leo hatoki," akasema mwisho. "Nitafunga mlango, nitalala mlangoni kama mkeka."

Tukafunga. Baba alishinda vizuri hadi alasiri. Jua lilipoanza kulegea, mwili wake ukaanza. Mikono, kisha magoti, kisha meno. Jasho likamlowanisha shati. Alizunguka sebule, akagusa mlango, akazunguka, akagusa dirisha. Alisema kuna wadudu ukutani. Alimwita Mama kwa jina la dada yake aliyekufa. Mama alimshika, Baba akampiga kikumbo. Hakuwahi kumpiga Mama hata siku moja, na sidhani kama alijua ni yeye. Nikakimbia jikoni kuchukua maji. Niliporudi Mama alikuwa sakafuni anashika kiwiko, na mlango uko wazi.

"Nenda," Mama akasema. "Mimi sijaumia. Nenda!"

Nilikimbia peku.

Geti lilikuwa wazi. Mlango wazi. Chumbani mwanga ulikuwa uleule wa kijivu, kana kwamba humo ndani haukuwahi kubadilika. Baba alikuwa ameshakaa. Hatetemeki tena. Glasi mbele yake imejaa, mkono wake uko njiani kuifuata.

"Baba, usinywe!"

Hakugeuka. Sauti yangu haikuwa sauti ya mtu anayemjua.

Nikaichukua ile glasi mezani. Ilikuwa ya baridi, baridi iliyopenya hadi kwenye mfupa wa kidole. Mwenyeji aliniangalia tu, bila hasira. Vidole vyake vikawa vinapiga meza. Ta-ka-ta.

"Acha," nikamwambia. "Hiyo si yako."

"Nimepewa."

"Mrudishie."

"Mgeni wangu, mimi sirudishi." Akainamisha kichwa, akafikiri. "Hubadilishana, ikibidi."

"Kwa kitu gani?"

"Kwa kilicho kizuri kuliko hivi vya mzee. Hivi vimechakaa, vimesimuliwa sana." Akainama mbele. Nikaona pua yake ikitanuka. "Wewe unacho kimoja. Hujawahi kukisimulia. Unakaa nacho unapinda sketi za watu. Hata mama yako hamkitaji. Nilikisikia harufu siku ile mlangoni kwako... ah!"

Nilijua anasema nini. Hilo nalikumbuka, kwamba nilijua. Nakumbuka niliwaza: hapana, hicho hapana, chochote lakini si hicho. Nikamtazama Baba. Alikuwa anautazama mkono wake mtupu, ametulia, na mate yanamtoka pembeni mwa mdomo.

"Hakitakuuma tena," mwenyeji akanong'ona. "Hebu fikiri. Hata kidogo."

Nikanywa.

Haikuwa na ladha. Maji yaliyochemshwa yakapoa, basi. Kisha joto likashuka, likafika mahali ndani yangu palipokuwa pamekunjwa ngumi, na ngumi ikafunguka kidole kimoja kimoja. Nikavuta kiti. Nikakaa.

"Haya," akasema. "Leo utanisimulia nini?"

Nikafungua mdomo.

...

Nilijikuta barabarani, nje ya geti. Giza lilikuwa ndio kwanza linashuka. Uso wangu ulikuwa umelowa hadi shingoni, koo linaniwasha kama mtu aliyepiga kelele, na mkono wangu ulikuwa umeshikwa na mkono mwingine, mkubwa, mkavu.

"Toleo Maalumu," Baba akasema. "Mbona unalia, mwanangu? Nani kakufanyia nini?"

Nikamwangukia kifuani. Sikuwa nalia tena, hata. Machozi yalikuwa pale tu, kama mvua iliyokunyeshea ukiwa umelala. Nilijisikia mwepesi. Mwepesi kupita kiasi. Njia nzima nilikuwa nacheka kila Baba akisema neno.

Usiku huohuo tulimpeleka hospitali, maana mtetemeko ulirudi, na safari hii hatukumwachia. Walimlaza. Daktari, kijana mpole, alituambia pombe ya muda mrefu hula kumbukumbu. Kwamba mwili ukishaizoea, kuikata ghafla nyumbani ni hatari, mtu huona vitu. Kwamba wengine wakitibiwa mapema na wakala vizuri hurejea, wengine hawarejei. Alisema wastaafu wengi anaowaona wako hivyo. Wanatoka kwenye kazi, wanaingia kwenye chupa, na familia zinaona haya kusema. Mama alimsikiliza, akauliza maswali ya maana, akaandikiwa dawa na tarehe za kurudi.

Nikamuuliza, "Daktari, na mimi? Mtu akinywa glasi moja tu, anaweza kusahau?"

"Glasi moja?" Akatabasamu. "Hapana, dada. Glasi moja, hapana."

Baba akapona. Nasema akapona kwa kuwa hanywi, na kila wiki anakwenda kukaa na wenzake walioacha pombe, wanaongea, wanarudi. Amepata kibarua cha kurekebisha baiskeli za mtaa. Mezani vidole vinapiga, na Mama anamgonga na mwiko, na wote wawili wanatabasamu wakidhani siwaoni. Mwalimu Mkuu hakurejea. Alizikwa mvua zilipoanza.

Ile nyumba nilikwenda kuiangalia mchana, na Mama. Tulimkuta mlinzi aliyewekwa na wenyewe, anafagia. Alisema wenye nyumba wako mbali miaka mingi, na kwamba aliwafukuza sana wazee waliokuwa wanaingia kunywa. "Wanakaa humo wanajiongelesha wenyewe," akasema. "Mmoja mmoja. Inatia huruma." Alituonyesha rundo la chupa nyuma ya nyumba. Chupa za kawaida, zenye karatasi zake.

Mama akavuta pumzi, akaniambia, "Umeona? Ni pombe tu, mwanangu. Ni pombe."

Nikakubali. Nilitaka kukubali.

Ikapita miezi. Asubuhi moja niko kwenye cherehani, Mama akaingia amejitanda, mkononi ana kifungu cha maua. Baba yuko nyuma yake amevaa shati la kutokea.

"Twende kabla jua halijawa kali," Mama akasema.

"Twende wapi?"

"Jamani. Leo ndiyo siku yake."

"Siku ya nani, Mama?"

Mama akacheka kidogo, kama mtu anayesubiri mwisho wa utani. Kisha kicheko kikaanguka. Akamtazama Baba. Baba akanitazama mimi, na nikaona mtu akielewa jambo, polepole, na akizeeka hapohapo.

"Mwanao," Mama akasema.

Walinipeleka. Ni kaburi dogo, la vigae vyeupe, limetunzwa. Inaonekana mtunzaji nilikuwa mimi. Nilisoma jina. Jina zuri. Nikasoma tarehe, na kati ya tarehe ya kwanza na ya pili palikuwa na muda mfupi, lakini si mfupi kiasi kwamba mtu asipate kujifunza kucheka. Mama alipiga magoti akalia. Baba alishika mgongo wangu kwa kiganja chote, akitetemeka, naye hajaonja kitu.

Mimi nilikuwa natazama mshono wa gauni la Mama. Ulikuwa umepinda, nikawaza nikifika nyumbani niufumue.

Wananieleza. Baba hukaa na mimi ananisimulia kila anachokumbuka: alivyotambaa, alivyoogopa pasi, homa ilivyomchukua. Nasikiliza kwa adabu. Ni habari ya kusikitisha. Ni ya mtu fulani. Nalala vizuri, sina ndoto. Ila jua likianza kulegea miguu yangu inatafuta ndala, nazunguka chumba, nagusa mlango, nagusa dirisha, na sijui nataka nini.

Jana magharibi nilipeleka nguo za mteja mtaa wa nyuma. Nikiwa narudi, kwenye nyumba nisiyoijua, dirisha liko wazi na taa haijawashwa, nikamsikia mwanamke anambembeleza mtoto. Anaimba chini chini, anasahau maneno, anajichekea, anaanza upya. Nilisimama kwa kuwa wimbo ulikuwa mtamu. Ilinichukua muda kuitambua sauti.

Ilikuwa yangu.

Harufu ya maji ya maua ilinifikia pale nilipo. Nilijua la kufanya ni kukimbia. Nilibaki nimeshika ukuta hadi wimbo ukaisha, na ulipoisha nilisikia kitu kifuani, chembamba kama uzi, cha kwanza tangu siku ile.

"Rudia," nikasema. "Tafadhali."

Kule ndani kukawa kimya.

Kisha mtu akavuta kiti.